DT125 ya zamani inavuta kushoto na kugonga nikishika breki: ni foku zimepinda au kuna kingine?

#1 Kalamu wa Umoja
Wadau, hamjambo. Nimenunua Yamaha DT125 ya zamani, tustroki, zile walizokuwa wakipewa maafisa wa mashambani. Namba zake bado ni za KA. Injini sina neno nayo, kiki moja inawaka. Shida iko mbele. Nikiachilia usukani kidogo tu, inavuta kushoto. Gurudumu likiangalia mbele, usukani unaangalia pembeni. Foku (yale mabomba mawili yenye shoki yanayoshika gurudumu la mbele) ya kushoto inavuja oili mpaka kwenye rimu. Halafu nikishika breki ya mbele kuna kitu kinagonga "tak" mara moja, na nikiiachilia kinagonga tena.

Aliyeniuzia alisema ni sili tu, ule mpira wa kuzuia oili, nibadilishe nisahau. Fundi wa mtaani ametazama kwa macho akasema mabomba yamepinda, tuyapeleke kwenye presi Kariobangi. Kabla sijatoa pesa, naomba maoni.

#2 Gololi Tatu
Huo mlio ni koni za usukani, yaani beringi za shingoni. Inua gurudumu la mbele lisiguse chini, kreti ya soda chini ya injini inatosha. Shika foku kwa chini karibu na ekseli, vuta, sukuma. Ikicheza, koni zimelegea au zimekwisha. Kisha zungusha usukani polepole kutoka pembe moja hadi nyingine. Ukinasa katikati, ujue gololi zimechimba vikombe zinamozunguka. Hapo hakuna cha kupinda.

#3 Bi Klachi
> Hapo hakuna cha kupinda.

Umeharakisha. Koni mbovu hazigeuzi usukani upande. Hiyo pikipiki iliwahi kulala kwa ubavu. Ikianguka hivyo, zile pleti mbili zinazobana mabomba husokotana, ya juu ikabaki huku na ya chini ikaenda kule. Mabomba yenyewe yanaweza kuwa mazima kabisa. Legeza bolti za pleti zote mbili, nati kubwa ya shina la usukani, na ekseli. Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, nyoosha usukani. Kisha panda, didimiza foku mara kadhaa ili zijikalie zenyewe, ndipo ukaze. Hulipi mtu yeyote.

#4 Nduthi Kayole
Uza hayo makumbusho ununue Boxer. Spea zake unapata hata kwenye duka la unga.

#5 Mzee Spana
Nyote mnaanzia chini. Mimi naanzia shingoni. Toa tangi, mulika tochi pale fremu inapoungana na shingo ya usukani. Tafuta rangi iliyopasuka vistari vyembamba, au iliyokunjamana, au mstari wa kutu kando ya weldi. Kisha simama kando hatua kadhaa utazame: tairi la mbele limekaribia ekzosi kuliko kawaida?

Pikipiki ikigonga kitu uso kwa uso, rimu huumia, mabomba hupinda kwenda nyuma pale chini tu ya pleti ya chini, na ikizidi shingo inafuata. Sasa mtu akishabadilisha rimu na mabomba, ushahidi unabaki shingoni peke yake. Nyinyi mtanunua koni mpaka mchoke.

#6 Gololi Tatu
Mzee Spana, shikamoo. Kila uzi wa pikipiki wewe jibu lako ni shingo ya fremu. Mtu akiuliza kioo cha pembeni utamwambia atoe tangi.

#7 Mzee Spana
Marahaba. Na atoe.

#8 Msomi wa Juja
Naongeza jambo ambalo halijatajwa. Sisi tunaendesha upande wa kushoto, na barabara nyingi zimeinamishwa kutoka katikati ili maji yamwagike kandoni. Ukiwa kwenye leni yako, upo juu ya mteremko unaoelekea kushoto. Pikipiki nzima kabisa ukiiachilia itaenda kushoto. Jaribu kwanza mahali tambarare.

#9 Dada Torki
Asante Msomi. Ila jaribio la kuachilia usukani lifanyike kwenye maegesho matupu Jumapili asubuhi, mwendo wa polepole, mikono sentimita moja juu ya mishikio. Si Outering Road katikati ya matatu. Na kabla ya yote pima upepo na uangalie tairi: lililolika upande mmoja nalo linavuta.

Kuhusu kuvuja, hakikisha oili inatokea wapi. Futa bomba likauke, funga kitambaa cheupe chini kabisa ya foku, tembea kidogo. Foku za aina hii zina bolti inayoingia kutoka chini ya mguu, ina washa ya shaba. Washa ikichoka, oili inachuruzika kwa chini, upepo unaipeleka kwenye rimu, na watu wanabadilisha sili za juu bila faida.

#10 Pwani Moja
Niko Mtwapa, nawasomeni tu. Huku ugonjwa mkubwa ni kutu ya chumvi. Krome ikishafanya vidoti, hata sili iwe mpya inakwanguliwa. Pitisha ukucha juu ya bomba, mahali ambapo sili hutembea. Ukucha ukikwama, ndiko oili inakopitia. Vidoti vilivyo juu, kwenye sehemu ambayo sili haifiki, havina ubaya.

#11 Nduthi Kayole
Boxer haina vidoti.

#12 Bi Klachi
Boxer yako ina nini ambacho hakivuji, Kayole? Nimekuona stejini umefunga kitambaa kwenye foku.

#13 Kalamu wa Umoja
Nimerudi. Kitambaa cha Dada Torki kimebaki kikavu kwa chini, kwa hiyo oili inatokea kwenye sili ya juu. Koni zilikuwa zinacheza na usukani ulikuwa unanasa katikati, Gololi ulisema kweli. Vikombe vya zamani vina vishimo mstari mzima. Nimenunua seti mpya Grogan, imefungwa. Pleti pia nimezinyoosha kama alivyosema Bi Klachi, usukani umekaa sawa.

Sasa mlio umepungua lakini haujaisha. Kuvuta kushoto kupo palepale, hata kwenye maegesho tambarare, samahani Msomi.

#14 Gololi Tatu
Koni mpya hujikalia, kaza tena baada ya muda. Ukikaza kupita kiasi nazo zitafanya pikipiki iyumbe kwa mwendo mdogo. Usukani uanguke wenyewe pande zote mbili ukiusukuma kidogo, bila kucheza.

#15 Fundi Kerezo
Mlio uliobaki tazama vitu viwili. Kwanza, bomba la ndani linacheza ndani ya lile la nje? Weka kidole pale yanapokutana, mwenzako ashike breki na kusukuma pikipiki mbele na nyuma. Utahisi mwenyewe. Yakicheza, bushi zimekwisha, au bomba la nje limelika ndani.

Pili, na hili watu hawalijui. Breki ya DT za zamani ni ya lining'i, na ile sahani yake inayobeba lining'i huzuiwa isizunguke na ulimi ulio kwenye mguu wa foku, unaoingia kwenye mfereji wa sahani. Mfereji ukipanuka, ukishika breki sahani inasogea, "tak". Ukiachilia inarudi, "tak". Dalili yako neno kwa neno.

#16 Dada Torki
Na huo ulimi usipoingia kabisa kwenye mfereji wakati wa kurudisha gurudumu, siku utakayoshika breki kwa nguvu sahani nzima itazunguka, ing'oe waya na ikufungie gurudumu. Jirani yangu alivunjika mfupa wa bega hivyo, na gurudumu lilikuwa limetolewa kwa ajili ya pancha tu. Fundi aliyerudisha alikuwa na haraka.

#17 Mswahili wa Pumwani
Hii ya #15 na #16 ingebandikwa kwenye kila kibanda cha pancha.

#18 Kalamu wa Umoja
Ulimi umeingia, ila mfereji umelika, nauona kwa macho. Fundi Kerezo, unaweza kujazwa?

Fundi wangu ametoa foku zote mbili. Mabomba nimeyabiringisha juu ya meza ya kioo ya sebuleni (mama watoto hajui). La kulia linabiringika kimya. La kushoto kila mzunguko linainuka na kushuka, karatasi nyembamba inapita chini yake sehemu moja. Limepinda, sivyo?

#19 Msomi wa Juja
Meza ya sebuleni si kipimo. Kioo chembamba kikiegemea miguu minne kinabonyea katikati. Weka bomba la kulia mahali palepale ulipoliweka la kushoto, na ubadilishe ncha.

#20 Fundi Kerezo
Meza inatosha kukuambia lipi limepinda, haitoshi kukuambia kiasi gani. Kipimo halisi ni vibao viwili vya V, bomba linalazwa juu yake, saa ya kupimia inagusa katikati, unazungusha. Hapo watu wengi wanakosea kusoma. Sindano ikitembea kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, mpindo ni nusu ya mwendo huo. Vitabu vingi vya Honda huweka kikomo cha milimita 0.2. Yamaha ufuate kitabu chake.

Mfereji unajazwa kwa weldi ya alumini na kuchongwa upya, lakini kwa fundi anayejua alumini. Vinginevyo tafuta sahani nyingine.

#21 Gololi Tatu
Milimita 0.2 kwa barabara za Nairobi? Nusu ya pikipiki za mji huu zingeegeshwa leo. Nimeendesha DT yenye bomba lililopinda waziwazi kutoka Rongai hadi mjini kila siku, haikuvuta popote. Bomba likipinda kidogo kwenda nyuma, foku inakuwa ngumu kushuka na inakula sili. Kuvuta kushoto ni jambo jingine.

#22 Bi Klachi
Inategemea limepinda kuelekea wapi. Kwenda nyuma ni kama Gololi anavyosema. Kwenda pembeni, gurudumu linakaa mshazari. Na kuna wauzaji wanaojua hili: wanalegeza pleti, wanazungusha bomba mpaka pindo lisionekane ukitazama kwa mbele, wanakaza. Mnunuzi anaona foku zimenyooka. Kalamu, ulitia alama bomba lilikuwa limekaa vipi kabla ya kulitoa?

#23 Kalamu wa Umoja
Sikutia. Fundi alikuwa ameshazitoa.

#24 Mzee Spana
Na tangi?

#25 Mtambo wa Lunga Lunga
Kuhusu presi nina kisa. Niliwahi kupeleka bomba la Honda XL, wakalinyoosha kwa baridi, likarudi limenyooka kwa saa. Baada ya matuta ya msimu mmoja likaanza kuinama tena palepale. Chuma kikishapinda na kunyooshwa, pale pamechoka.

Kamwe usikubali wakipashe moto kwa gesi. Ukiona moto, chukua bomba lako uondoke. Na kama lina kunjo, yaani ukipitisha kidole unahisi mbonyeo upande mmoja na uvimbe upande wa pili, hilo ni la chuma chakavu.

#26 Fundi Kerezo
Kwa heshima, mimi nimenyoosha mengi na yanatembea hadi leo. Siri ni kubonyeza kidogo kidogo, kupima, kuzungusha, na kuweka kizuizi cha mbao au shaba ili krome isivunjike. Lililorudi kuinama huenda lilikuwa limepinda tena, kwa sababu sababu ya kwanza haikuondolewa. Lakini kuhusu moto nakubaliana nawe.

#27 Mtambo wa Lunga Lunga
Sababu ya kwanza ilikuwa tuta lisilo na rangi usiku. Lipo bado.

#28 Mswahili wa Pumwani
Mtaani kwetu wakazi wenyewe humwaga zege usiku, asubuhi umepata tuta jipya. Hata foku za chuma cha reli zitasalimu.

#29 Kalamu wa Umoja
Nikiwa bado nangoja vipimo: niweke oili gani wakati wa kurudisha? Fundi anasema ya injini, 20W-50, kwamba foku inakuwa nzito na haigongi chini.

#30 Nduthi Kayole
Hapo fundi wako yuko sawa. Sisi wote tunaweka hiyo.

#31 Msomi wa Juja
Ndiyo maana mwezi wa saba asubuhi pikipiki zenu hazina shoki. Ile 20W ni tabia ya oili ya injini kwenye baridi, si sawa na 20 ya oili ya foku. Kwenye foku haipati moto wa injini, inabaki nzito, bomba halishuki haraka kwenye shimo, mshtuko wote unaenda kwenye mikono na kwenye fremu. Tafuta ya foku, 10W au ile kitabu kinachosema.

#32 Gololi Tatu
Ukikosa, ile nyekundu ya gia za otomatiki inafanya kazi. Wengi wameitumia miaka.

#33 Dada Torki
Muhimu zaidi ni kiasi. Kila mguu upate sawasawa. Pima kwa chupa ya kunyonyesha mtoto, ina mistari ya mililita. Mguu mmoja ukizidi, nafasi ya hewa juu inapungua, foku inakuwa ngumu upande huo na sili inatupwa nje. Sitashangaa kama wa kushoto wako ulijazwa na mtu aliyedhani anaongeza nguvu. Na ukifungua kofia ya juu, usiweke uso juu yake. Springi iko chini imebanwa.

#34 Pwani Moja
Kabla ya kununua sili, jaribu kusafisha hizo zilizopo. Kata kipande cha filamu ya x-ray ya zamani, fanya kijindoano, inua kifuniko cha vumbi, pitisha kwenye mdomo wa sili kuzunguka bomba. Uchafu unatoka, wakati mwingine uvujaji unaisha. Ukilazimika kununua, soma namba tatu zilizopigwa kwenye sili yenyewe: kipenyo cha ndani, cha nje na kimo. Usiseme "nipe ya DT", utapewa yoyote.

#35 Mswahili wa Pumwani
X-ray ya nani lakini? Mimi nimeweka ya mguu wa babu.

#36 Kalamu wa Umoja
Vipimo vimetoka. Bomba la kushoto sindano ilitembea milimita 0.7. La kulia halifiki 0.1. Kwa hesabu ya Fundi Kerezo mpindo ni 0.35. Pindo lipo juu, karibu kabisa na mahali pleti ya chini hubana. Halina kunjo. Vidoti vitatu vya kutu, kimoja ukucha unakwama.

Nilivyorudisha kwa muda nikafanya na jambo la kamba: nikafunga kamba mbili kutoka tairi la nyuma hadi mbele, kila upande. Gurudumu la mbele halikai katikati ya kamba, liko karibu zaidi na ya kulia.

#37 Bi Klachi
Umekumbuka tairi la nyuma ni pana, nafasi pande mbili za tairi la mbele ndizo zinazopaswa kulingana? Sawa. Sasa tazama alama za kukazia cheni huku nyuma. Ziko sawa kushoto na kulia?

#38 Kalamu wa Umoja
Hazikuwa. Kushoto ilikuwa imevutwa alama moja zaidi. Nimezilinganisha. Sasa inavuta kushoto lakini kidogo, kama nusu ya awali.

#39 Gololi Tatu
Basi! Gurudumu la nyuma tangu mwanzo. Foku zilisingiziwa.

#40 Fundi Kerezo
Nusu imebaki, na mpindo wa 0.35 upo. Nusu yako, nusu yangu.

#41 Msomi wa Juja
Alama za wembe wa nyuma (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma) za pikipiki ya umri huo zenyewe si za kuaminika. Pima kwa rula kutoka kiini cha bawaba ya wembe hadi kiini cha ekseli, pande zote mbili.

#42 Mzee Spana
Kamba ilionyesha gurudumu la mbele liko kulia. Mmelinganisha nyuma, mmefurahi. Je, kamba mmeirudia? Kama bado liko upande mmoja, na foku mmezinyoosha kwenye pleti, kinachobaki ni nini? Shingo iliyosokotwa. Na ukipata ufa pale usikimbilie kuchomelea. Namba ya chesisi imepigwa palepale shingoni. Weldi ikiifuta, siku utakapotaka kuuza au kukaguliwa utaanza kueleza hadithi.

#43 Mswahili wa Pumwani
Kwa kutaja namba, Kalamu, logibuku (hati ya umiliki) umeshahamisha? Muuzaji ndiye anaanzisha kwenye mfumo wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, wewe unakubali. Pikipiki nyingi za namba za KA bado ziko kwa jina la mtu wa tatu nyuma ya aliyekuuzia.

#44 Kalamu wa Umoja
Logibuku ni ya shirika fulani lililofunga ofisi. Naomba tusiifungue hiyo hapa.

#45 Nduthi Kayole
Nilisema Boxer.

#46 Mtambo wa Lunga Lunga
Usiweke bomba la presi upande mmoja na zima upande wa pili. Tafuta mkono wa pili, yote mawili, yaliyotoka pikipiki moja. Na usiingize la aina nyingine eti kipenyo kinafanana. Urefu, na mahali springi inapokaa, havilingani.

#47 Fundi Kerezo
Kipenyo kikiwa sawa na urefu ukiwa sawa hakuna shida. Mengine ni woga. Hata hivyo kile kidoti ambacho ukucha unakwama kitakula sili yako mpya. Piga msasa laini uliolowa oili kuondoa ukingo, jaza gundi ya epoksi, ikauke, sugua tena mpaka ukucha upite. Au Industrial Area wakutilie krome ngumu upya, lakini uliza bei kabla, wakati mwingine inashinda pikipiki.

#48 Dada Torki
Kalamu, kamba umeirudia?

#49 Kalamu wa Umoja
Nimeirudia. Gurudumu la mbele bado linaegemea kulia, si sana. Linaweza kuwa bomba, linaweza kuwa kamba yenyewe, upepo ulikuwepo.

#50 Mzee Spana
Upepo.

#51 Kalamu wa Umoja
Sawa mzee, nimeenda kutoa tangi. Bolti ya nyuma imekatikia ndani. Kuna mwenye ekstrakta ya kung'olea bolti iliyokatika, Umoja au Donholm?